Ghala la Chini ya Nyumba: Historia ya Bia Iliyowekwa kwa Miaka Mingi

Sisi tunaofundisha na kujifunza historia ya Kanisa tumezoea kuyatafuta mambo makubwa katika mabaraza, katika maungamo ya imani na katika barua za maaskofu. Ni mara chache tunashuka ngazi kwenda kutazama ghala lililo chini ya nyumba. Hata hivyo nyumba nyingi za Ulaya ya kaskazini, na nyumba za wachungaji zikiwamo, ziliishi kwa vile vilivyokuwa ghalani: nafaka, nyama ya chumvi, jibini na mapipa ya bia. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza sehemu moja tu ya historia hiyo, nayo ni desturi ya Waingereza ya kupika bia nzito nyumbani na kuiweka mwaka mmoja, miaka mitano, hata miaka 21 kabla ya kuinywa. Tunaona kwamba desturi hiyo inafunua jambo ambalo wanahistoria wa Kanisa hulipita haraka, yaani kwamba muda wenyewe unaweza kuwa mali, na kwamba mali hiyo, kama ardhi na fedha, haikugawanywa sawasawa.

Hatuandiki ili kuusifu ulevi, wala hatutaki kuufufua ubishi wa zamani wa kama Mkristo anywe au asinywe. Ubishi huo una makala zake, na nyingine ni ndefu kupita kiasi.

Msomaji aliyelelewa katika nchi ya mbege, ya rubisi au ya ulanzi anajua kwamba pombe ni kitu kisichongoja. Mbege ya ndizi na ulezi huwa tamu leo, kesho ina nguvu, na baada ya siku chache imegeuka kuwa chungu na kali kama siki. Kwa sababu haingoji, mwenye nyumba hana budi kuwaita jirani. Hawezi kuificha hadi mwakani hata kama angependa, maana kuiweka ni kuipoteza. Pombe za Ulaya ya kaskazini za karne za kwanza zilikuwa vivyo hivyo. Ile bia ya kale ya Waingereza, iitwayo eli, ilipikwa kwa kimea cha shayiri bila dawa yoyote ya kuihifadhi, ikanyweka kwa siku chache, na wanawake wa kijiji waliipika kwa zamu na kuuziana. Ili bia iweze kungoja, ilihitaji mambo matatu kwa pamoja: kimea kingi ili kileo kiwe juu, maua ya mmea uitwao hopi, na mahali penye baridi isiyobadilika.

Habari za hopi zinatoka katika nyumba za watawa. Hildegard wa Bingen, abesi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1179, aliandika katika kitabu chake cha mitishamba kwamba uchungu wa hopi huzuia vinywaji visiharibike upesi. Alikuwa sahihi kuliko alivyoweza kujua. Leo tunafahamu kwamba asidi zilizomo katika maua yale huwazuia bakteria wengi wanaoichachusha bia. Ujuzi huo ulienea pole pole katika miji ya Ujerumani ya kaskazini na Uholanzi, nao ulifika Uingereza pamoja na wafanyabiashara hasa katika karne ya 15. Waingereza walikaa muda mrefu wakiita kinywaji kisicho na hopi kwa jina moja na chenye hopi kwa jina jingine, na wapo waliokiona kile cha pili kuwa ni uzushi wa wageni.

Mji mmoja wa Ujerumani unastahili kutajwa hapa kabla hatujavuka bahari. Mji wa Einbeck uliuza bia yake mbali, na stakabadhi ya mwaka 1378 inaonyesha kwamba ilikuwa imefika Celle. Ilikuwa bia nzito yenye hopi nyingi, kwa sababu bia hafifu isingeistahimili safari ya gari la farasi. La kupendeza ni kwamba ilipikwa majumbani. Raia wenye haki ya kupika walikuwa na zamu, na mtungi mkubwa wa kupikia, uliokuwa mali ya mji, ulikokotwa kutoka nyumba hadi nyumba. Ndiyo sababu milango ya nyumba za kale za Einbeck ni mirefu na ya tao. Watu wa Bavaria walilipindua jina la mji huo midomoni mwao, wakapata neno bock, ambalo hadi leo ni jina la bia nzito. Mapokeo yanasema pia kwamba mwaka 1521, Martin Luther alipotoka mbele ya Baraza la Worms akiwa amechoka, Mtawala Erich wa Braunschweig alimpelekea kikombe cha fedha kilichojaa bia ya Einbeck. Masimulizi hayo tunayapokea kama mapokeo.

Habari za nyumba ya Luther mwenyewe zina msingi imara zaidi. Alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wawili hao walikaa katika iliyokuwa monasteri ya Waaugustino huko Wittenberg, na nyumba hiyo ilikuwa na haki ya kupika bia. Katharina aliitumia haki hiyo kwa bidii. Alikuwa na meza ya watoto, jamaa, wanafunzi na wageni, na bia ilikuwa kinywaji cha kila siku cha meza hiyo. Katika barua aliyoiandika kutoka Dessau mwezi Julai 1534, Luther anamlalamikia mkewe kwamba bia ya huko ni mbaya, anaikumbuka ile ya nyumbani, na kumwomba ampelekee divai ya ghalani pamoja na chupa ya bia aliyoipika yeye. Lakini tusiichanganye bia ya Katharina na ile tunayoichunguza. Yake ilikuwa ya meza iliyojaa watu, ikapikwa na kunywewa, ikapikwa tena. Nyumba yenye midomo mingi namna hiyo haina nafasi ya kuweka pipa likae miaka.

Nchini Uingereza tunaye shahidi bora, naye pia ni mtu wa madhabahu. William Harrison alikuwa kasisi wa Radwinter katika jimbo la Essex, na maelezo yake juu ya nchi ya Uingereza yalichapishwa mwaka 1577. Anaandika kwamba katika nyumba za kudumu za makabaila bia ya mezani kwa kawaida ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na pengine miwili au zaidi tangu ilipotiwa pipani. Ilipikwa mwezi Machi, kwa hiyo ikaitwa bia ya Machi. Bia ya watu wa nyumbani, kwa upande mwingine, haikunywewa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kisha Harrison anaeleza jinsi mkewe na wajakazi wake walivyopika mara moja kwa mwezi. Walitwaa busheli 8 za kimea, wakaongeza unga kidogo wa ngano na wa shayiri mwitu, wakamimina maji ya moto juu yake kwa awamu, wakapata kama galoni 200 kwa gharama ya shilingi 20. Anahesabu kila kitu, hata kuni, chakula cha wajakazi na uchakavu wa vyombo, kwa kuwa, kama asemavyo mwenyewe, ni mtu maskini mwenye mapato ya pauni 40 tu kwa mwaka.

Tunaomba msomaji azitazame tena hesabu hizo. Kabaila na kasisi wote wawili wana shayiri, wote wana hopi, wote wana maji na moto. Wajakazi wa kasisi huenda ni hodari kuliko wapishi wa kabaila. Kinachowatenganisha ni miezi. Kabaila anaweza kuifunga fedha yake ndani ya pipa kwa miaka miwili asiiguse. Kasisi wa Radwinter hawezi, kwa sababu mwezi ujao watu wake watakuwa na kiu na shilingi zake 20 zinahitajika tena.

Upishi wenyewe uliujenga utengano huo ndani ya chungu kimoja. Kimea kilichosagwa kilitiwa katika chombo kikubwa cha mbao, kikamwagiwa maji ya moto. Maji ya kwanza yalipochujwa yalitoka mazito na matamu, mfano wa togwa nzito. Hayo yalichemshwa na hopi nyingi, yakapozwa, yakatiwa hamira, na ndiyo yaliyokuwa bia ya kuwekwa. Machicha yale yale yalimwagiwa maji ya pili, yakatoa bia ya mezani. Kisha yakamwagiwa maji ya tatu, yakatoa bia hafifu kwa ajili ya watumishi, vibarua na watoto. Kwa hiyo shayiri moja, iliyolimwa na mikono ile ile, ilitoa vinywaji vitatu kwa tabaka tatu za watu. Bwana alikunywa maji ya kwanza, tena ya miaka iliyopita. Mvunaji alikunywa maji ya tatu, ya juma lililopita. Bia hafifu haikuwa matusi, kwa kuwa ilitia nguvu kidogo na ilikuwa imechemshwa. Lakini kadiri bwana alivyotaka pipa lake liwe zito zaidi, ndivyo machicha yalivyobaki na utamu mdogo kwa wengine.

Wakati wa kupika ulikuwa na kanuni yake. Kabla ya mashine za kugandisha, joto la kiangazi liliiharibu bia ingali changa, kwa hiyo bia ya kuwekwa ilipikwa Oktoba au Machi. Baadaye bia ya Oktoba ndiyo iliyopata sifa kubwa, kwa sababu ilipikwa hali ya hewa ikianza kupoa, nayo ilikuwa na majira yote ya baridi mbele yake ya kutulia. Ilipofika kiangazi, joto dogo lililopenya hadi ghalani liliiamsha hamira iliyokuwa imelala, bia ikachachuka polepole mara ya pili. Baada ya mwaka uchungu mkali wa hopi ulikuwa umepungua na utamu mzito umeliwa na hamira. Kinywaji kilikuwa na kileo cha asilimia 8, 10, wakati mwingine zaidi. Kilinyweka kwa bilauri ndogo, kama divai.

Nyumba kubwa za mashambani zilijengwa zikifuata mahitaji hayo. Huko Calke Abbey, katika jimbo la Derbyshire, kuna njia ya chini ya ardhi itokayo nyumba ya kupikia bia hadi maghala ya nyumba kuu. Huko Chatsworth bia ilipitishwa katika bomba la risasi kutoka penye mazizi ya farasi hadi ghalani. Mwanahistoria Pamela Sambrook, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya upishi wa bia katika nyumba za mashambani tangu 1500 hadi 1900, ameonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa na mpangilio wa hali ya juu, yenye daftari za kimea kilichotolewa na bia iliyotolewa, kila mtumishi akiwa na kipimo chake. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za utafiti wangefanya vema kukumbuka aina hiyo ya daftari. Daftari la ghala ni shahidi asiyejua kwamba anahojiwa, na kwa hiyo mara nyingi husema kweli kuliko tenzi za mazishi za mwenye nyumba.

Sasa tufike kwenye desturi iliyotuvuta kuandika. Mtoto wa kiume, mrithi wa nyumba, alipozaliwa, ilipikwa bia nzito kuliko zote, ikatiwa katika pipa lililofungwa. Pipa hilo halikufunguliwa hadi siku mtoto alipotimiza miaka 21, umri wa utu uzima kisheria. Siku hiyo wapangaji wa mashamba, watumishi na majirani waliitwa, pipa likatobolewa, na watu wakanywa kinywaji kilichokuwa na umri sawa na bwana wao mpya.

Ni rahisi kuvutwa na uzuri wa jambo hilo, na sisi hatukatai kwamba ni zuri. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza pipa lile lilikuwa linadai nini. Lilidai kwamba nyumba itakuwapo baada ya miaka 21, kwamba ardhi haitauzwa, kwamba wapangaji watakuwa wale wale au watoto wao, na kwamba mtoto ataishi. Dai hilo la mwisho lilikuwa zito katika karne ambazo watoto wengi, wa matajiri na wa maskini, walizikwa kabla ya kufikisha miaka mitano. Pipa lilikuwa namna ya sala, nasi hatudhani kwamba tunatia chumvi tukisema hivyo. Bali pia lilikuwa namna ya tangazo. Mpangaji aliyeshuka ghalani kwa shughuli yoyote aliliona, akajua kwamba mtu atakayemtoza kodi mwanawe tayari amezaliwa. Binti hakuwekewa pipa la kurithi shamba, kwa sababu kwa kawaida shamba halikuwa lake.

Tajiri wa Luka 12, yule aliyejenga maghala mapya, husomwa kwa kawaida kama mtu mwenye tamaa ya vitu. Akisomwa kando ya ghala la Kiingereza anaonekana kuwa mtu mwenye tamaa ya miaka. Neno analojiambia ni juu ya miaka mingi, na jibu analopewa ni juu ya usiku mmoja. Kwa upande wa pili tunalo karamu la Isaya 25, ambamo Bwana mwenyewe anaandaa divai iliyokaa muda mrefu, na anaiandaa kwa mataifa yote. Nabii hakatai kwamba kilichongoja ni bora. Anachokibadilisha ni orodha ya walioalikwa. Tunayataja maandiko haya kwa ufupi, maana mhubiri anaweza kuyaendeleza mwenyewe.

Vyuo vikongwe navyo vilikuwa na maghala. Huko Oxford na Cambridge, ambako kwa karne nyingi wengi wa wanafunzi walikuwa wakiandaliwa kuwa makasisi, bia nzito ya kuwekwa ilitolewa siku ya karamu ya ukaguzi wa hesabu, baada ya vitabu vya mtunza hazina kukubaliwa. Ikaitwa kwa jina hilo hilo, bia ya ukaguzi. Chuo cha Queen's cha Oxford kiliendelea kupika bia yake chenyewe hadi mwaka 1939. Hatupendekezi utaratibu huo kwa watunza hazina wa vyuo vyetu, ingawa tunakiri kwamba ungeweza kuharakisha ukaguzi.

Serikali ilikuwa na mkono wake katika kudumu kwa desturi hii. Ushuru wa bia ulioanza mwaka 1643 uliwaelemea hasa waliopika ili kuuza. Kwa muda mwingi nyumba iliyopika kwa matumizi yake yenyewe haikuulipa. Hata ushuru wa kimea ulipoongezwa mwaka 1697, mwenye nyumba kubwa bado alipata nafuu. Kwa hiyo aliyekuwa na nafasi ya kupika mwenyewe alipona ushuru, na fundi wa mjini aliyenunua bia yake dukani kwa kipimo kidogo alilipa. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya bia ya Oktoba kuwa nzito katika nyumba za makabaila kuliko popote.

Hata hivyo katika karne ya 18 matajiri wa London waligundua kwamba kungoja kunaweza kufanywa biashara. Waliweka bia nyeusi, iitwayo porter, katika matangi ya mbao makubwa kama nyumba, ikae miezi mingi hadi ipate ladha ya ukongwe, kisha wakaiuza kwa watu wa kawaida. Matangi yalizidi kuwa makubwa kwa kushindana. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha Meux kilichokuwa karibu na mtaa wa maskini wa St Giles, pete ya chuma ya tangi moja ilichomoka. Tangi hilo lilikuwa na mapipa yapatayo 3,500 ya bia ya miezi kumi. Lilipasuka, likapasua na mengine, ukuta wa kiwanda ukaanguka, na gharika ya bia ikaingia katika vyumba vya chini ya ardhi ambamo watu waliishi. Wanane walikufa, wote wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa katika chumba kimoja cha chini, wamekusanyika kumlilia mtoto wa miaka miwili aliyekuwa amefariki. Uchunguzi uliamua kwamba ilikuwa ajali. Kiwanda kilirudishiwa ushuru kilichokuwa kimekwisha kulipa kwa bia iliyomwagika. Jamaa za waliokufa walipata michango ya wapita njia.

Tumelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu linasimama kando ya lile pipa la mrithi. Chini ya nyumba ya kabaila ghala lilikuwa mahali pa kuweka miaka. Katika St Giles ghala lilikuwa makazi, na miaka ya mtu mwingine ndiyo iliyowazamisha wakazi wake.

Kupungua kwa upishi wa nyumbani katika karne ya 19 kunaweza kuelezwa upesi. Reli zilileta bia nzuri ya Burton hadi vijijini. Chai ikawa rahisi. Ujira wa vibarua wa mashamba, ambao sehemu yake ilikuwa imelipwa kwa bia hafifu, uligeuzwa kuwa fedha, na sheria ya mwaka 1887 ikapiga marufuku kuwalipa vibarua hao kwa kileo. Wakristo wa vyama vya kiasi, ambao wengi wao walijua vema uharibifu wa ulevi katika nyumba za wafanyakazi, waliipigania hatua hiyo kwa haki kabisa. Lakini bia hafifu ilipoondoka, kupika nyumbani kukakosa faida: maji ya kwanza hayalipi gharama bila wanywaji wa maji ya pili na ya tatu. Mwaka 1880 ushuru wa kimea ulikuwa umefutwa, na nyumba zilizopika zikatakiwa kuwa na leseni. Vyombo vya shaba vikauzwa na nyumba za kupikia zikageuzwa stoo za kuni.

Desturi ya kuadhimisha kuzaliwa ikahamia viwandani. Mwaka 1869 kampuni ya Bass ya Burton ilipika bia nzito kuadhimisha kuzaliwa kwa Harry Ratcliff, wa mojawapo ya familia zilizomiliki kampuni hiyo. Tarehe 22 Februari 1902 Mfalme Edward VII alitembelea kiwanda hicho na kuanzisha kwa mkono wake upishi wa bia iliyoitwa ya Mfalme. Chupa za namna hizi zilisahauliwa katika maghala ya Burton hadi mwaka 2006 zilipogunduliwa tena, pamoja na za Ratcliff, na walioonja baadhi yake walisema zinanyweka bado baada ya miaka 137.

Sayansi nayo iliwahi kuja kueleza kilichokuwa kikitendeka katika mapipa ya zamani. Mwaka 1904 N. Hjelte Claussen, wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alitangaza kwamba ladha ya pekee ya bia za Kiingereza zilizowekwa ilitokana na hamira ya mwituni iliyoishi katika mbao za mapipa na kufanya kazi polepole kwa miezi mingi. Aliipa jina Brettanomyces, ambalo wanafunzi wetu wa Kiyunani watalitambua mara moja kuwa ni kuvu la Waingereza. Kwa hiyo ghala la kabaila lilikuwa na mfanyakazi mmoja zaidi ambaye hakuandikwa katika daftari.

Mwaka 1963 serikali ya Uingereza iliifuta leseni ya kupika bia nyumbani, na mtu yeyote akawa huru kupika kwa matumizi yake. Miaka miwili baadaye huko Traquair, nyumba ya kale ya Uskoti, mwenye nyumba Peter Maxwell Stuart alikifufua chumba cha kupikia cha mababu zake kilichokuwa kimejaa takataka, vyombo vikiwa bado mahali pake. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kilipika bia ya ukumbusho wa mwandishi Thomas Hardy, aliyefariki mwaka 1928 na ambaye katika riwaya yake The Trumpet-Major ya mwaka 1880 aliisifu bia nzito ya mji huo. Iliitwa Thomas Hardy's Ale. Ilikuwa na kileo cha karibu asilimia 12, hamira hai chupani, na mwaka wa kupikwa juu ya kibandiko. Kiwanda kiliacha kuipika mwaka 1999. Wengine waliichukua tangu 2003 hadi 2008, na baadaye jina lake likanunuliwa na Waitalia.

Kwa bia hiyo na nyingine za mfano wake, kama ile ya Fuller's itolewayo kila mwaka tangu 1997, jambo lililokuwa la mrithi wa shamba limefika mikononi mwa mwalimu wa shule na dereva wa basi. Hawana ghala la mawe. Huziweka chupa chini ya ngazi au katika kabati lisilo na dirisha, mahali penye joto la nyuzi 10 hadi 13, penye giza, maana mwanga wa jua hubadili asidi za hopi na kuleta harufu mbaya. Chupa husimamishwa wima, hamira itulie chini. Mwenye busara hununua chupa sita za mwaka mmoja na kufungua moja kila baada ya mwaka au miwili. Mwanzoni uchungu wa hopi unatawala. Kati ya mwaka wa tano na wa kumi huja ladha ya tende, ya zabibu kavu na ya divai kongwe. Baada ya hapo hewa kidogo inayopenya kizibo huanza kushinda, kinywaji kikawa na ladha ya karatasi iliyolowa, na hakuna ufundi unaoirudisha. Bia nyepesi haifai kuwekwa hata kidogo. Huzeeka bila kukomaa.

Kibandiko cha chupa za kwanza za Thomas Hardy's Ale kiliahidi miaka 25. Za mwaka 1968 zilizobaki zimekwisha kupita 50, na bado zinafunguliwa, nyingine zikiwa nzuri na nyingine zikimwagwa, mara nyingi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipopikwa na wasiokuwa na undugu wowote na walioziweka.